Kutibu kiwewe: masimulizi, uchambuzi wa fikra, EMDR au kikundi cha jamii?

Mtu aliyenusurika ajali, ubakaji, vita au kipigo cha miaka mingi nyumbani, akishafika mahali pa kusema kwamba anahitaji msaada, hukutana na kikwazo kingine. Anaambiwa atafute mnasihi, naye hajui kwamba wanasihi hawafanyi kazi kwa namna moja. Mmoja atamtaka asimulie maisha yake tangu alipozaliwa, mwingine atampa zoezi la kufanya nyumbani, wa tatu atamwambia afuate kidole kwa macho, na wa nne atamketisha kwenye duara pamoja na majirani zake. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo na ndugu anayemsindikiza, ili achague huku akijua anachokichagua.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotibiwa. Si kila aliyepatwa na jambo zito ni mgonjwa. Katika wiki za mwanzo, kukosa usingizi, kushtuka ovyo na kuliona tukio likijirudia ni mambo ya kawaida, na wengi hutulia wakiwa miongoni mwa watu wao. Wataalamu huanza kuzungumzia ugonjwa pale dalili hizo zinapopita mwezi 1 na kumzuia mtu kulala, kufanya kazi na kuishi na wenzake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watu waliopatwa na janga wasikusanywe na kusimulishwa tukio katika kikao kimoja cha haraka, na kwamba dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini zisitolewe kwa ajili ya dalili za mwezi huo wa kwanza. Katika siku hizo mtu anahitaji usalama, chakula, taarifa za kweli na watu wa kukaa naye.

## Vigezo vya kulinganisha

Nitazitazama tiba nne kwa maswali yale yale: inafanyikaje, je, italazimu kusimulia tukio, na mbele ya nani, inachukua muda gani na inapatikana wapi, imejaribiwa kwa watu wanaoishi kama sisi, na inamfaa nani.

Swali la kusimulia ndilo linalowarudisha watu mlangoni. Tumelelewa na msemo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na katika ugomvi wa majirani au hasara ya biashara msemo huo una busara kubwa. Katika kiwewe, hata hivyo, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Kumbukumbu ya tukio imekaa vipande vipande bila tarehe wala mahali, kiasi kwamba harufu ya mpira unaoungua au kishindo cha mlango hulirudisha kana kwamba linatokea sasa hivi. Kila moja ya tiba tatu za kwanza ina njia yake ya kuirudisha kumbukumbu hiyo mahali pake, na kusimulia kwa kina ni njia moja tu kati ya hizo.

## Tiba ya masimulizi

Inavyofanyika. Tiba hii, inayojulikana kwa herufi NET, ilibuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani kwa ajili ya manusura wa vita na mateso. Baada ya uchunguzi wa hali ya mteja na maelezo kuhusu kiwewe, mnasihi hutandaza kamba sakafuni. Ncha moja ni siku ya kuzaliwa. Upande wa pili kamba huachwa imeviringwa, kwa kuwa maisha bado yanaendelea. Mteja huweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila jambo baya, kwa mpangilio wa miaka: ua la siku ya kwanza shuleni, jiwe dogo la kufiwa na bibi, jiwe kubwa la usiku ule. Kila kimoja hupewa jina na wakati wake tu, bila kufafanuliwa. Mtu aliyekuwa akiamini kwamba maisha yake yote ni usiku ule mmoja huona kwa macho yake kwamba jiwe lile lina mahali pake kwenye kamba, na kwamba kuna maua kabla yake na baada yake.

Vikao vinavyofuata ni vya kusimulia maisha hayo tangu mwanzo. Simulizi likifika kwenye jiwe, mnasihi hupunguza mwendo na kuuliza: uliona nini, ulisikia nini, ulifikiri nini, mwili wako ulihisi nini wakati ule, na unahisi nini sasa hivi unaponieleza? Kikao hakifungwi wakati hofu ingali kileleni. Husubiriwa mpaka ishuke. Mnasihi huandika aliyoyasikia, na katika kikao kinachofuata humsomea mteja, naye husahihisha na kuongeza. Mwishoni hati nzima ya maisha yake husomwa kwa sauti, hutiwa saini, naye hukabidhiwa.

Usimulizi na siri. Hapa kusimulia hakuepukiki, na ni kwa kina. Wanaosikia ni mnasihi na, pale lugha zinapotofautiana, mkalimani. Ile hati ifikiriwe mapema: kama nyumbani kuna mtu asiyepaswa kuisoma, iachwe mahali pengine penye usalama.

Muda na upatikanaji. Kwa kawaida ni vikao 4 hadi 12, na kila kimoja huchukua dakika 60 hadi 120. Hakuna kazi ya nyumbani wala sharti la kujua kusoma. Hupatikana zaidi penye miradi ya kuhudumia wakimbizi na manusura wa vita.

Ushahidi. Tiba hii imejaribiwa katika mazingira ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanayafahamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, yalihusu wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia, na waliotoa tiba hawakuwa madaktari bali wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo ya wiki 6. Waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu bila tiba. Ni haki kuongeza kwamba unasihi wa kawaida wa kiwewe, uliotolewa na watu hao hao, ulileta nafuu inayokaribiana na ile ya masimulizi, ingawa waliokatisha vikao katika masimulizi walikuwa wachache zaidi. Kwangu hilo ni jambo la kutia moyo: mtu aliyefunzwa vizuri na anayesimamiwa vizuri anaweza kuponya hata katika makazi ya wakimbizi.

Inamfaa nani. Inamfaa aliyepitia mambo mengi kwa miaka mingi, asiyejua hata lipi lilianza, na anayetamani yaliyompata yaandikwe na kushuhudiwa. Ipo pia namna yake kwa waliokuwa wapiganaji, iliyojaribiwa mashariki mwa Kongo. Anayeishi bado na anayempiga, au aliye na mawazo makali ya kujiua, anahitaji usalama kwanza kabla ya kulifikia jiwe lolote.

## Tiba ya kuchambua fikra

Inavyofanyika. Patricia Resick, mwanasaikolojia wa Marekani, aliianzisha kwa ajili ya wanawake waliobakwa, nayo hujulikana kwa herufi CPT. Msingi wake ni kwamba baada ya tukio akili hutafuta sababu, na mara nyingi hushika sababu inayoumiza: ni kosa langu, hakuna mtu wa kuaminiwa, mimi nimeharibika.

Chukua mfano wa mama aliyempandisha mwanawe basi la alfajiri kwenda shule ya bweni, na basi hilo likapinduka njiani. Fikra yake ni fupi: "Mimi ndiye niliyemuua." Mnasihi hamkatazi kusema hivyo, kama wanavyomkataza waliokuja msibani. Humuuliza: asubuhi ile ulikuwa unajua nini? Ulikata tiketi kwa nia gani? Aliyeshika usukani alikuwa nani? Kama tiketi ile angeikata dada yako, ungemwita muuaji? Majibu huwekwa kwenye karatasi yenye safu za tukio, fikra, hisia, ushahidi na fikra nyingine inayowezekana. Mama huenda nayo nyumbani na kuirudia wiki nzima. Sentensi ile haifutiki kwa siku moja, lakini taratibu huja nyingine iliyo ya kweli zaidi: "Nilimpenda, nikampeleka shule, na dereva akakimbia kupita kiasi." Huzuni hubaki, kwa kuwa mtoto hayupo, kinachoondoka ni hatia isiyokuwa yake. Vikao vya mwisho hupitia mambo matano ambayo kiwewe huyavuruga: usalama, kuaminiana, mamlaka juu ya maisha yako, kujithamini, na ukaribu na watu.

Usimulizi na siri. Si lazima kueleza tukio kwa undani; kinachochambuliwa ni maana ambayo mtu ameipa. Hufanyika ana kwa ana au katika kikundi cha watu waliopatwa na mambo yanayofanana.

Muda na upatikanaji. Kwa kawaida ni vikao 12, na mazoezi ya nyumbani ni sehemu ya tiba yenyewe, hivyo asiyeyafanya hubaki na nusu ya dawa. Asiyejua kusoma asikate tamaa, kwa sababu mazoezi yanaweza kufanywa kwa kichwa.

Ushahidi. Hayo ndiyo yaliyofanyika mashariki mwa Kongo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na kuwahusu wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Katika baadhi ya vijiji wanawake walipata tiba hii kwa kikundi, na katika vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Karatasi zilirahisishwa, na wengi walijifunza hatua kwa kuzikariri. Miezi 6 baada ya tiba, dalili za kiwango cha sonona au wasiwasi zilikuwa zimebaki kwa takriban wanawake 9 kati ya kila 100 katika vikundi vya tiba, na takriban 42 kati ya kila 100 katika vijiji vya msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliotoa tiba walikuwa wahudumu wa jamii, si madaktari.

Kwa watoto kuna tiba ya jamaa hiyo hiyo ya kubadili fikra na tabia, inayomhusisha mlezi pia. Ilijaribiwa Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, kwa vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake. Tiba ilipomalizika, watoto walioipata walikuwa na nafuu kubwa zaidi kuliko wasioipata katika maeneo 3 kati ya 4 ya utafiti, yaani mjini na kijijini katika kila nchi. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo Kenya, ilhali Tanzania walioipata na wasioipata walikuwa wamekaribiana.

Inamfaa nani. Inamfaa anayelemewa na hatia na aibu kuliko hofu, asiyeweza kuyatamka yaliyotokea, na anayependa kufanya jambo kwa hatua zinazoonekana. Haimfai sana mtu asiye na mahali pa faragha pa kufanyia mazoezi, wala aliye katika uchovu mzito wa sonona kiasi cha kushindwa kushika kalamu. Huyo atibiwe sonona kwanza au sambamba.

## EMDR

Inavyofanyika. EMDR ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya kuipunguza makali kumbukumbu na kuichakata upya kwa miondoko ya macho. Francine Shapiro wa Marekani aliianza mwaka 1987. Mteja huliweka tukio akilini, yaani picha yake, fikra inayoambatana nayo na mahali mwilini inapokaa, huku akifuata kwa macho mkono wa mtaalamu unaokwenda kushoto na kulia, au akigongwagongwa viganja kwa zamu. Baada ya kila mzunguko mfupi huulizwa tu: sasa kimekujia nini? Kuna hatua 8, na zile za mwanzo ni za kujifunza kujituliza. Wataalamu bado wanabishana kama miondoko ya macho ndiyo inayoponya au ni ule utaratibu wa kulikabili tukio kidogo kidogo. Mgonjwa hana haja ya kusubiri ubishi huo uishe.

Usimulizi na siri. Hapa ndipo tiba hii inapojitofautisha, kwa kuwa mtu anaweza kupona bila mtaalamu kujua kwa undani kilichotokea. Kazi ya nyumbani ni kidogo.

Muda na upatikanaji. Tukio moja huweza kuhitaji vikao vichache, na mambo ya utotoni huhitaji vingi zaidi. Tatizo ni kwamba waliofunzwa wako mijini na wengi wao hutoza ada, ingawa baadhi hutibu kwa njia ya video, jambo linalowasaidia Waswahili walioko Ulaya, Ghuba na Amerika Kaskazini wanaotaka mtu wa kuongea naye kwa lugha yao.

Ushahidi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza sambamba na tiba za kubadili fikra na tabia zinazolenga kiwewe. Tafiti zake nyingi zimefanywa Ulaya na Marekani.

Inamfaa nani. Inamfaa aliyepatwa na tukio moja la wazi, kama ajali au uvamizi wa majambazi, pamoja na yule ambaye maneno yanagoma kutoka. Nawafikiria hasa wanaume waliofanyiwa ukatili wa kingono, ambao mara nyingi huondoka kliniki wakiwa wamelalamikia mgongo tu. Anayepotewa na fahamu ya mahali alipo kila akikumbuka tukio anahitaji maandalizi marefu kabla ya kuanza.

## Tiba ya kijamii ya vikundi

Inavyofanyika. Ilianza Rwanda mwaka 2005, huko Byumba, chini ya dayosisi ya Kianglikana, na baadaye ikavuka hadi Kongo na kwa wakimbizi walioko Uganda. Watu 10 hadi 15 wa mtaa mmoja hukutana mara moja kwa wiki kwa takriban saa 3, kwa wiki 15, wakiongozwa na wawili waliofunzwa kutoka jamii ile ile. Hupita hatua sita: usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, kanuni mpya za maisha, na kumbukumbu. Kumbukumbu imewekwa mwisho kwa makusudi. Katika nchi ambayo mjane wa mauaji ya 1994 anachota maji kisima kimoja na mke wa aliyefungwa kwa mauaji hayo, huwezi kuanza na kumbukumbu.

Usimulizi na siri. Hakuna anayelazimishwa kusimulia, na wengine hukaa wiki kadhaa kimya. Lakini wanaosikia ni majirani, na siri hutegemea uaminifu wao.

Muda na upatikanaji. Kwa kawaida hakuna ada, wala safari ndefu. Hupatikana tu penye mradi.

Ushahidi. Utafiti wa Byumba uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha washiriki 100 na watu 100 wasioshiriki, na afya ya akili ya walioshiriki ikaonekana kuimarika. Hata hivyo, haikubuniwa kuondoa jinamizi au mishtuko ya mtu mmoja. Inatibu upweke na kutoaminiana.

Inamfaa nani. Inamfaa ambaye jeraha lake limekata uhusiano na watu: mjane, mkimbizi aliyerudi kwao, familia mbili zisizosalimiana. Haimfai mwenye siri ambayo ikivuja atadhurika.

## Kabla ya kuanza yoyote

Muulize mnasihi, bila kuona haya, amefunzwa tiba ipi hasa, anasimamiwa na nani katika kazi yake, na vikao vitakuwa vingapi. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, nawe una haki ya kuuliza kama amesajiliwa. Anayekuahidi kupona kwa siku moja, au anayekulazimisha kueleza yote siku ya kwanza, muage.

Wengi wetu tukiumia hukimbilia kisomo au maombi kwanza, nami sioni ugomvi kati ya hayo na tiba. Sala imewashikilia watu wengi wakati hakuna kingine. Ugomvi huja pale kiongozi wa dini anapomwambia mgonjwa aache vikao au dawa, au anapomwambia aliyebakwa kwamba ana pepo. Hapo ndugu wasimame imara.

## Kwa kuzingatia hali yako

Kama hatari bado ipo, usianze kulichimba tukio. Tafuta kwanza mahali salama. Nchini Kenya simu 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia, na 116 huwahudumia watoto Kenya, Tanzania na Uganda. Kama una mpango wa kujiua, hospitali ndiyo hatua ya leo, na uchaguzi wa tiba utakungoja.

Kama ni tukio moja na unaishi mjini, ulizia EMDR au tiba ya kuchambua fikra, kisha acha ada na umbali viamue, kwa maana tiba utakayoimaliza ni bora kuliko ile utakayoikatisha kwa kukosa nauli.

Kama ni miaka ya vita, ukimbizi au mateso, ulizia tiba ya masimulizi, hasa kama hujui kusoma au unataka yaliyokupata yahifadhiwe.

Kama kinachokutesa usiku ni swali la "kwa nini sikufanya vile", tiba ya kuchambua fikra inalishughulikia swali hilo moja kwa moja.

Kama uliye naye ni mtoto, tafuta tiba inayokuhusisha na wewe mlezi, maana mtoto hurudi nyumbani kwako baada ya kila kikao.

Kama mishtuko imepungua ila huwezi kuketi na watu, kikundi cha jamii kitakufaa, peke yake au baada ya tiba nyingine.

Kama huna lolote kati ya haya karibu nawe, mwulize mhudumu wa afya ya jamii kuhusu mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani wa kukabili matatizo, wenye vikao 5. Si tiba ya kiwewe, lakini ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uliwapunguzia mfadhaiko.

Na kama umeanza tiba na vikao vitano au sita vimepita bila usingizi wala hofu kubadilika hata kidogo, mwambie mnasihi wako waziwazi katika kikao kinachofuata. Kuna siku mbili tatu za kuumia zaidi baada ya kikao kizito, na hizo ni za kawaida. Mwezi mzima bila nafuu ni sababu ya kutosha ya kurekebisha namna ya kufanya, au kuomba uelekezwe kwa mwingine.